Dereva wa Lori Marekani Hakosi Saa, Anakosa Pa Kuegesha

Tangu katikati ya mwaka 2025 kuna habari inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya madereva wa malori wanaozungumza Kiswahili huko Marekani, kuanzia Dallas hadi Columbus, kwamba serikali imeongeza saa za kuendesha. Kila sauti inavyosambazwa ndivyo habari inavyonenepa: mara ni saa 14 za usukani, mara logi ya elektroniki, yaani kumbukumbu ya saa za dereva, imefutwa, mara dereva anaruhusiwa kusimamisha saa yake apendavyo. Hakuna hata moja iliyo kweli. Kilichotangazwa Juni 27, 2025 na Wizara ya Uchukuzi chini ya Waziri Sean Duffy ni mipango miwili ya majaribio, mmoja wa kusimamisha saa za siku ya kazi na mwingine wa kugawa usingizi, kila mmoja ukilenga madereva takriban 256 watakaojitolea na kukubaliwa, pamoja na fedha za kujenga maegesho. Asiyekuwa kwenye orodha na akaendesha kana kwamba yumo, mkaguzi akimnasa barabarani atamzuia pale pale mpaka amalize saa zake 10 za mapumziko. Siku mbili tu kabla ya tangazo hilo ilikuwa imeanza kutekelezwa amri ya kuwaondoa barabarani madereva wasiomudu Kiingereza, kwa hiyo si ajabu taarifa hizo zikachanganywa na hofu ikajaziliza palipobaki.

Uvumi huo haunisumbui sana, maana utakufa wenyewe pale faini za kwanza zitakapoandikwa. Kinachonisumbua ni imani waliyonayo hata wale waliolisoma tangazo vizuri: kwamba shida ya dereva wa masafa marefu ni uchache wa saa, na kwamba ukimlegezea saa umemsaidia. Mimi naona saa 11 za usukani zinamtosha. Zinazoliwa ni saa za kusubiri mzigo ghalani na saa za kutafuta pa kulala. Katika ile mipango miwili, unaoshangiliwa zaidi, yaani wa kusimamisha saa, utahamisha msako wa maegesho kutoka jioni kwenda usiku, na papo hapo kumpa mwenye ghala muda wa bure. Ule wa pili, ambao watu wanaupita haraka kwa sababu hesabu zake zinachosha kichwa, ndio wenye nafasi ya kusaidia.

Tuanze na kanuni yenyewe, kwa ajili ya msomaji aliye Mwanza au Eldoret ambaye hajawahi kuishi nayo. Dereva wa mizigo Marekani akishapumzika saa 10 mfululizo anaruhusiwa kuendesha saa 11, na hizo zote lazima ziishie ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi. Akifikisha saa 8 za usukani bila kukatiza kwa nusu saa, lazima asimame. Kwa juma ana saa 60 ndani ya siku 7 au 70 ndani ya siku 8, kutegemea kampuni, na akikaa saa 34 bila kazi hesabu ya juma inaanza upya. Kanuni za namna hii zipo tangu miaka ya 1930, lakini ukali wake wa leo una umri mdogo. Hadi mwisho wa 2003 dereva aliendesha saa 10, na siku yake ya kazi ya saa 15 iliweza kusimama: akila au akijinyoosha kidogo mchana, muda huo haukuhesabiwa. Kuanzia Januari 2004 akapewa saa moja zaidi ya usukani, na badala yake akanyang'anywa uwezo wa kusimamisha siku. Saa 14 zikishaanza, zinakwenda hata akiwa amelala, isipokuwa akigawa mapumziko yake kwa utaratibu nitakaoueleza mbele. Kisha Desemba 2017 kikaja kifaa cha elektroniki kilichofungwa kwenye injini, kinachorekodi saa chenyewe. Kabla yake ilikuwa logi ya karatasi, ambayo madereva wenyewe waliitania kuwa ni kitabu cha vichekesho, kwa sababu kila mtu alijua kilichoandikwa humo na kilichotokea barabarani havikuwa kitu kimoja.

Sasa chukua siku moja ya kawaida. Dereva anaamka Columbus, Ohio, anakagua gari na kuanza kazi saa kumi alfajiri. Siku yake itaisha saa kumi na mbili jioni, apende asipende. Anaendesha saa moja, anafika ghalani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi alizopangiwa, anapewa namba ya mlango, anarudisha trela nyuma mpaka kwenye jukwaa la kupakilia, anasubiri. Taa nyekundu ya mlangoni haibadiliki kuwa ya kijani mpaka saa nne na nusu. Hapo ametumia saa 1 ya usukani kati ya 11, lakini siku yake imebakiza saa 7 na nusu. Mzigo unakwenda Allentown, Pennsylvania, karibu maili 450. Hata asipokutana na foleni, hata asiposimama kujaza mafuta, atafika akiwa ukingoni kabisa. Kwa hiyo anajua mapema kwamba atalala njiani, pengine Carlisle, pale barabara ya I-81 inapokutana na ile ya kulipia ya Pennsylvania. Anafika kama saa kumi na moja jioni, akiwa na saa moja mkononi, na mji huo umezungukwa na maghala. Malori yote yaliyotoka kushusha mizigo yamekuja kutafuta kitu kile kile.

Jamaa yangu mmoja wa Bukavu alinipigia simu kutoka sehemu kama hiyo. "Kaka, nimezunguka uwanja huu mara tatu," alisema, na nikasikia injini ikinguruma polepole nyuma ya sauti yake. Watu walikuwa wameshafunga mapazia ya vioo, wengine wameegesha kwenye njia ya pampu, mmoja trela lake limekanyaga mstari na kula nafasi ya pili. Kulikuwa na nafasi nne tupu zenye koni za rangi ya machungwa, za kulipia kwa simu, na zote zilikuwa tayari na mwenyewe. Kifaa kilimwonyesha dakika 22. Alikwenda kulala kwenye ukingo wa barabara ya kutokea ya barabara kuu, taa za tahadhari zikiwaka, mahali ambapo polisi akija kugonga kioo usiku wa manane atamwamsha aondoke huku saa zake zimekwisha.

Hali hiyo ina hesabu zake za serikali. Utafiti wa mamlaka ya barabara kuu za Marekani uliofanyika 2019 ulikuta nafasi za malori takriban 313,000 nchi nzima, kati ya hizo 40,000 tu zikiwa za umma na nyingine zote za vituo binafsi vya mafuta. Madereva 98 kati ya 100 walisema hupata shida kupata maegesho salama. Chama cha wasafirishaji hupenda kusema kuna nafasi moja kwa kila malori 11. Taasisi ya utafiti ya sekta hiyo, ATRI, iliwahi kupima mwaka 2016 na kukuta dereva hutupa wastani wa dakika 56 za usukani kila siku kwa kuegesha mapema kuliko anavyohitaji, akiogopa kukosa nafasi mbele. Kwa mwaka hiyo ilikuwa kama dola 4,600 za mshahara. Tafakari takwimu hii kidogo. Watu wanaililia serikali iwaongezee saa, na wakati huo huo wanairudishia serikali karibu saa moja kila siku bila kuitumia.

Upungufu huu ulitengenezwa. Sheria ya shirikisho inakataza kuuza mafuta na chakula katika vituo vya mapumziko vya umma kwenye barabara kuu za kitaifa zilizojengwa kuanzia 1960, isipokuwa mashine za vinywaji na vitafunio. Kituo kisichouza kitu hakiingizi kitu, na jimbo likibanwa na bajeti linaanzia hapo kukata: Virginia ilifunga vituo 19 mwaka 2009, ikavifungua tena mwaka uliofuata baada ya kelele. Upande wa binafsi, mwenye kituo hupata faida kwenye pampu na kwenye chakula, na lori lililolala saa 10 halinunui mafuta mara mbili. Kisha kuna halmashauri za miji, ambazo hutoa kibali cha ghala kwa furaha kwa sababu ghala lina ajira na kodi, halafu hukataa kibali cha uwanja wa malori kwa sababu majirani hawataki kelele na moshi. Sijui wanadhani mizigo ya ghala hilo italetwa na nani.

Gharama ya uzembe huo iliwahi kupewa jina la mtu. Machi 2009, Jason Rivenburg, dereva wa miaka 35 kutoka jimbo la New York, alifika South Carolina mapema kuliko muda wake wa kushusha mzigo. Hakukuwa na pa kusubiri, akaegesha kwenye kituo cha mafuta kilichotelekezwa, akapigwa risasi na kuuawa. Muuaji aliondoka na dola 7. Mkewe, Hope, aliyekuwa mjamzito wa mapacha, alipigania sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2012 na inayoitwa kwa jina la mumewe. Lakini sheria hiyo iliagiza zaidi kupima tatizo na kuruhusu fedha za barabara zitumike kwa maegesho. Haikuyatengea fungu lake. Julai 12, 2023, huko Illinois kwenye I-70, basi la abiria liliparamia usiku wa manane malori matatu yaliyoegeshwa ukingoni mwa njia ya kuingilia kituo cha mapumziko, watu watatu wakafa. Malori hayo yalikuwa pale kwa sababu ile ile iliyompeleka jamaa yangu kwenye barabara ya kutokea.

Turudi kwenye majaribio. Mpango wa kwanza unamruhusu dereva kusimamisha saa 14 mara moja kwa siku, kwa dakika 30 hadi saa 3, ukiwamo muda anaosubiri mzigo ghalani. Hoja ya kuutetea ina uzito: dereva wetu wa Columbus hakufanya kosa lolote, taa nyekundu ndiyo iliyomlia asubuhi, kwa nini aadhibiwe kwa uzembe wa ghala? Akiwa na ruhusa hiyo, siku yake itasogea kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, na atafika Allentown bila kukimbizana na dakika. Kukimbizana nako si jambo dogo. Watafiti wa vyuo vikuu waliochunguza kipindi cha baada ya kifaa cha elektroniki walikuta kampuni ndogo zimeanza kutii saa kweli, lakini ajali zao hazikupungua, na makosa ya mwendo kasi yaliongezeka. Mtu aliyewekewa saa inayorudi nyuma hukanyaga mafuta.

Hata hivyo, fuata siku hiyo mpaka mwisho. Dereva aliyeanza kazi saa kumi alfajiri anaweza kuwa bado usukanini saa tatu usiku, saa 17 baada ya kuanza, na muda aliosimamisha hakuulala, maana ghalani mtu hukaa macho akisubiri kuitwa. Halafu anafika kutafuta nafasi saa tatu usiku badala ya saa kumi na moja jioni. Kila dereva anajua viwanja vinavyokuwa saa hizo. Kilicholegezwa ni saa, na uwanja haukuongezeka hata kwa nafasi moja. Na ghala limefunzwa nini? Kwa desturi ya biashara hii, saa 2 za kwanza za kusubiri hazilipwi. Mkaguzi mkuu wa Wizara ya Uchukuzi alikadiria Januari 2018 kwamba kusubiri huko kunawapunguzia madereva wa mizigo ya kukodi kati ya dola bilioni 1.1 na 1.3 kwa mwaka, na kwamba wastani wa kusubiri ukirefuka kwa dakika 15 tu, kiwango cha ajali kinachotarajiwa kinapanda kwa asilimia 6.2. Leo saa 14 zinazokwenda bila kusimama ndizo kitu pekee kinachompa dereva na dispacha wake, yaani mpangaji wa safari zake, sauti ya kumwambia broka, dalali wa mizigo: mkichelewesha, mzigo haufiki. Mwondolee hiyo, na ghala limepata saa tatu ambazo hazimgharimu mtu yeyote isipokuwa usingizi wa anayesubiri.

Mpango wa pili ni wa kugawa usingizi. Sasa hivi mwenye kitanda ndani ya kichwa cha lori anaweza kugawa saa zake 10 kuwa 8 na 2, au 7 na 3 tangu mabadiliko ya Septemba 2020. Jaribio linaongeza 6 na 4, na 5 na 5. Hapa ndipo maegesho yanapoguswa, ingawa tangazo halikulisemea hilo kwa sauti. Viwanja hujaa usiku na kuwa wazi mchana. Dereva anayeweza kulala saa 5 kuanzia saa tano asubuhi, kisha 5 nyingine kuanzia usiku wa manane wakati walioegesha mapema wameanza kuondoka, anaegesha wakati wengine wako barabarani, na anapita miji mikubwa bila foleni. Pingamizi la wanasayansi wa usingizi nalichukua kwa uzito: saa 5 mara mbili hazilingani na 10 za mfululizo, na usingizi wa mchana, jua likipiga bati, ni mwepesi. Kwa mtu mmoja itafaa, kwa mwingine itakuwa hatari. Lakini hilo ni swali ambalo jaribio linaweza kulijibu kwa kupima, tofauti na ule mpango wa kwanza ambao madhara yake yatatokea nje ya kichwa cha lori, kwenye ratiba za maghala, mahali ambapo hakuna kifaa kinachopima.

Kuna hoja ya tatu, dhaifu kuliko zote, na ndiyo unayoisikia zaidi kutoka kwa wakongwe: dereva ajipange. Aanze saa nane usiku, saa tisa alasiri awe ameshaegesha, akaoge, alale. Kama ushauri kwa mtu mmoja ni mzuri na mimi ningempa mdogo wangu anayeanza kazi hii. Kama jibu la sera haufai kitu. Anayewahi stendi hupata kiti kwenye daladala, lakini kuwahi kwake hakuongezi viti. Wote wakiwahi, gari litajaa saa kumi na moja badala ya saa moja. Tena miadi ya kupakia hapangi dereva. Kipo kidogo kilichomo ndani ya uwezo wake: tangu Mei 2018 mwongozo wa FMCSA, mamlaka inayosimamia usalama wa malori, unamruhusu aliyeishiwa saa akiwa ghalani kusogeza lori hadi sehemu salama ya karibu ya kupumzika bila kuhesabiwa kuwa kazini, ikiwa kampuni yake inakubali, na tangu 2016 ni kosa kwa broka au mwenye mzigo kumshinikiza avunje saa. Wanaotaka logi ya karatasi irudi wanasahau kwamba shinikizo hilo lilikuwa rahisi zaidi pale ambapo kalamu iliweza kuandika lolote.

Huku kwetu mambo yamegeuka kichwa chini. Kenya ina kifungu tangu 2012 kinachomkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Sheria ya saa ipo. Saa yenyewe haipo. Anayetoka Mombasa kwenda Malaba ataegesha Mtito Andei, Mlolongo au Salgaa, atampa mlinzi chochote, atalala na sikio moja wazi kwa ajili ya wezi wa mafuta, na hakuna atakayemuuliza ameendesha saa ngapi. Mamlaka ya Ushoroba wa Kaskazini yenye makao yake Mombasa imekuwa na mpango wa vituo vya kando ya barabara kwa miaka mingi, na huko Tanzania LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, inafuatilia mabasi kwa mfumo wa satelaiti. Siku ufuatiliaji wa aina hiyo utakapohamia kwenye malori kwa nguvu zote, na kutokana na ajali tulizozishuhudia naamini utahamia, utaratibu utakaotangulia kati ya kifaa na uwanja ndio utakaoamua kama dereva wa Tunduma atalala au atafukuzana na dakika kama yule wa Carlisle. Marekani ilitanguliza kifaa.

Ndiyo maana sehemu ya tangazo la Juni 2025 ninayoiona ya maana ni ile iliyopata kelele kidogo: zaidi ya dola milioni 275 za maegesho, ambapo dola milioni 180 zinakwenda Florida kwa nafasi zaidi ya 900 kwenye I-4. Ni karibu dola 200,000 kwa nafasi moja. Kwa bei hiyo serikali peke yake haitaweza, na mjadala utalazimika kurudi kwenye lile katazo la biashara katika vituo vya umma, na kwenye halmashauri zinazotoa vibali vya maghala bila kudai kila ghala liruhusu lori lililoleta mzigo lilale hapo hapo uani. Utarudi pia kwenye malipo. Tangu 1938 dereva wa masafa marefu ameachwa nje ya sheria ya shirikisho ya malipo ya saa za ziada, na miswada ya kulifuta hilo imewasilishwa Bungeni bila kupita. Siku kusubiri kutakapolipwa kwa saa, mwenye ghala atakuta njia ya kuwasha taa ya kijani haraka.

Kwa sasa, mwenzetu atakayeingia kwenye majaribio ya kusimamisha saa adai muda wa kuingia getini na wa kutoka uandikwe kwenye hati ya mzigo na kutiwa saini ghalani, kila mara, hata dispacha akiona ni usumbufu. Kifaa chake kitaonyesha kwamba alisimamisha saa kwa hiari. Bila ile saini hakuna karatasi nyingine itakayoonyesha ni nani aliyemsimamisha.